Sanduku Lisilo na Koti

Habari ilimkuta Bi Mkasi amepiga magoti kando ya kitanda, analificha koti chini ya taulo ndani ya sanduku la mumewe. Tangu jana yake walikuwa kwenye vita hivyo: yeye analitia, mume analitoa. Yeye anasema huko ng'ambo kuna baridi ya kukata masikio, mume anasema baridi ndiyo hasa anayoifuata. Sasa mume alikuwa ametoka kwenda kuwaaga mafundi wenzake, na Bi Mkasi akaona hapa ndipo pa kumalizia ubishi. Alilikunja lile koti la kijivu mikono ikiwa kwa ndani, akalilaza chini kabisa, akaliwekea taulo juu, na juu ya taulo akaweka viatu. Akitaka kulitoa, na achimbe.

Ndipo mlango ukagongwa.

Alikuwa Babu Tepe, fundi wa suruali wa mtaa wa pili, tepe yake ya kupimia ikining'inia shingoni kama siku zote. Lakini alikuwa peku, na nyuma yake wanawake wawili wa nyumba ya jirani walikuwa wameshaanza kujifunika vichwa.

"Bi Mkasi, kaa kwanza," alisema.

"Nimekaa," alijibu, naye amesimama wima.

"Fundi ametutoka. Amenifia mikononi, pale dukani kwangu. Tumemkimbiza hospitali, daktari kamshika shingo, kamwangalia macho, akasema ni moyo, na kwamba tumechelewa."

Bi Mkasi alimtazama kama mtu anayesikia hesabu asiyoielewa. Kisha akauliza, "Koti analo?"

"Nini?"

"Koti lake. Limefungwa vifungo?"

Babu Tepe aligeuka akawatazama wale wanawake, akamrudia. "Limefungwa, mama. Vyote."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mkasi, na hapo ndipo alipokaa.

Maneno hayo yalizunguka mtaa mzima kabla maiti haijafika nyumbani. Mke kaambiwa mume amekufa, kauliza koti, kisha kashukuru. Wengine walisema ni mshtuko. Wengine, wale ambao ulimi wao hauna mfupa wala likizo, walisema huenda kuna kitu kimeshonewa ndani ya hilo koti.

Kitu kilikuwepo, ila hakikuwa wanachokidhania.

Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa vyerehani. Hakushona, alitengeneza mashine za wanaoshona. Hakuna duka la ushonaji katika mitaa ile ambalo hakulipigia magoti, bisibisi mdomoni, sikio karibu na gurudumu, akisikiliza cherehani kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtoto. Na kazi hiyo yote aliifanya amevaa koti. Jua liwake, mafuta yayeyuke, yeye na koti lake zito, mifuko imejaa bobini, sindano, mikanda na kichupa cha mafuta. Ndiyo maana aliitwa Fundi Koti.

"Fundi, huoni joto?" wanawake washonaji walikuwa wakimtania. "Au umezaliwa nalo?"

"Nilizaliwa nalo," alikuwa akijibu. "Mkunga alipata shida sana kwenye vifungo."

Watu waliamini koti ni la kubebea vifaa. Mwenyewe aliwaachia waamini hivyo, na mifuko akaijaza hata vitu asivyohitaji. Ukweli ni kwamba tangu alipobalehe, kifua chake kiliota matiti kama ya msichana, na hayakurudi. Wenzake walipokwenda kuoga mtoni yeye aliumwa tumbo. Wenzake walipocheza mpira vifua wazi yeye alikuwa refa. Kwa njia hiyo akawa mtu mzima.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata ya mtungi ule ilikuwa Bi Mkasi, ambaye siku hizo alikuwa binti anayejifunza ushonaji, mwepesi wa mkasi kuliko wa maneno. Kijana yule alikuja kumtengenezea mashine, akarudi tena mashine ikiwa nzima, akarudi tena. Wazee walipokwisha kuzungumza, siku moja alimkuta peke yake barazani akamwekea tepe mkononi.

"Kabla hujanikubali," alisema, "nipime."

Akafungua lile koti kuukuu la marehemu baba yake. Binti alimpima mabega, akampima mgongo, akazungusha tepe kifuani bila haraka na bila kuilegeza. Alipomaliza aliikunja tepe akasema, "Mkono wako wa kushoto umezidi wa kulia kidogo. Nitakukatia tofauti, la sivyo litakuvuta." Hakusema jingine. Kijana alilia pale pale, na yeye, kwa kuwa hakujua la kufanya na mwanamume anayelia, alimpa kitambaa alichokuwa anakipinda.

Tangu siku ile makoti yote ya Fundi aliyashona yeye. Kifuani alitia kitambaa kigumu cha ndani, tabaka mbili, akazipiga mishono ya mkono midogo midogo ili koti lisimame lenyewe bila kufuata mwili. Hakumfundisha mwanafunzi yeyote mshono huo. Akawa na mume anayetembea mitaani kifua kimenyooka kama bwana harusi.

Basi Fundi alipomwambia anataka kwenda ng'ambo kufanyiwa upasuaji wa kifua, Bi Mkasi hakujua afurahi au akasirike. Hata siku ya msiba hakujua.

"Kwani koti limekuchosha?" alimuuliza. "Miaka yote hii mimi nimekushonea nini?"

"Umenishonea nyumba, mke wangu. Nataka tu nitoke uani kidogo."

"Uzeeni?"

"Uzeeni ndiko kunakonitisha." Kisha akamweleza. Mwezi wa nyuma alikuwa miongoni mwa waliomwosha rafiki yake, fundi wa redio. Aliona jinsi mtu anavyogeuzwa, anavyomwagiwa maji, hana wa kumwambia ngoja. "Waoshaji wake walikuwa watu wema," alisema. "Lakini nilipokuwa namshika mguu nilifikiri, na mimi siku yangu watanivua. Wale wale ninaoswali nao. Hata wakinyamaza, watakuwa wamejua. Nataka wanikute niko sawa."

Alikuwa amemwuliza shehe pia, kwa kusingizia kwamba anamwulizia jamaa yake. Shehe alimjibu kwamba mtu kuondoa kitu kinachomwudhi na kumwaibisha ni matibabu, si kumkosoa Muumba. Bi Mkasi aliposikia hivyo hakuwa na hoja tena, akabaki na hasira isiyo na mwenyewe. Kwa nini ng'ambo? Kwa sababu hospitali ya hapa kila kitanda kina jirani. Watu wakaambiwa Fundi anakwenda kutibiwa mgongo, na wote wakaitikia, maana mtu aliyeinamia vyerehani maisha yake yote lazima aumwe mgongo.

Kufungasha sanduku ndiko kulikomchanganya zaidi. Mtu mwenye makoti manane alifungasha mashati mepesi ya mikono mifupi, ambayo Bi Mkasi hakujua aliyanunua lini. Akafungasha kaptura ya kuogelea, yeye asiyejua kuogelea. Akaikunja fulana nyeupe, nyembamba, akaiweka juu kabisa.

"Hii ndiyo nitakayorudi nayo," alisema. "Utanipokea nimevaa hii tu."

"Nitakujuaje?"

"Tafuta mzee anayetetemeka."

Na palikuwa na kitu kingine. Hospitali ilikuwa imetuma vipimo vya kizibao cha kubana, cha kuvaliwa baada ya upasuaji mpaka kidonda kipone, chenye kulabu mbele kwa sababu mgonjwa hawezi kuinua mikono. Fundi alitaka kukinunua huko huko. Bi Mkasi akakataa, akasema mumewe havai kazi ya mtu. Akakaa na vipimo vile mbele ya mashine, na kwa mara ya kwanza tangu ashike mkasi akashindwa kukata. Kilikuwa kifua cha mtu asiyemjua. Alikishona hivyo hivyo, akakitia sandukuni bila kukitazama.

Sasa maiti ikaletwa nyumbani, ikalazwa kitandani, na sanduku likasukumwa ukutani likiwa wazi. Wifi yake, dada wa marehemu, ndiye aliyeanza kulipangua ili apate shuka. Akatoa shati. Akatoa kaptura, akaishika kwa vidole viwili kama panya.

"Mgonjwa wa mgongo anakwenda kuogelea?"

"Maji yananyoosha mgongo," alisema Bi Mkasi.

Wifi akatoa kizibao. Akakigeuza huku, akakigeuza kule, akazihesabu kulabu kwa macho. "Na hii je? Wifi, mbona hii kama sidiria?"

"Ya mgongo."

"Kulabu ziko mbele."

"Mgongo wenyewe uko nyuma, ataufikia vipi?"

Wifi akafunga mdomo, lakini macho yake hayakufunga. Bi Mkasi alijua anachokifikiria: kuna mwanamke ng'ambo. Akajiuliza kama si afadhali wote wafikiri hivyo. Aibu ya mwanamke ni aibu ya kawaida, watu wameizoea. Kisha akaona haya kwa kumsingizia maiti uzinzi ili kumsitiri, na akashindwa kujua ni lipi ambalo marehemu mwenyewe angelichagua.

Wakati huo huo simu ikaita ndani ya koti la marehemu.

Wote waliruka. Mlio ulitoka mfuko wa ndani, upande wa moyo, katikati ya bobini na bisibisi. Shemeji mkubwa, kaka wa marehemu, mtu mpana mwenye sauti ya kupangia watu kazi, akanyoosha mkono kwenye kifungo cha juu.

"Usimfungue!" alisema Bi Mkasi.

"Simu inalia, shemeji."

"Iache ilie. Inamlilia mwenyewe."

Akapenyeza vidole vyake viwili kati ya kifungo na kifungo, mahali alipopajua kwa sababu alipashona yeye, akaitoa, akaipokea. Alikuwa binti wa ofisi ya safari, sauti yake changamfu, akimkumbusha mteja kesho awahi uwanjani na asibebe vitu vyenye ncha kali mfukoni. Bi Mkasi alimsikiliza mpaka mwisho. "Hatabeba," alisema, akakata. Baadaye alijishangaa kwamba hakumwambia yule binti habari yenyewe.

Shemeji mkubwa alipandisha mikono ya kanzu. "Maji yamepata moto. Mimi na vijana wawili wa msikitini tutamwosha. Wanawake mtupishe, tumuwahishe kabla ya jua kuzama."

Ndiyo ilikuwa saa ambayo Fundi aliiogopa kuliko kifo. Bi Mkasi alihisi kichwa kimejaa pamba. Amwambie shemeji? Angenong'ona, shemeji angenong'ona kwa mkewe, na kabla ya hitma mtaa wote ungekuwa umeng'atwa sikio. Anyamaze? Watamvua. Watakuwa watu wema, watanyamaza, na watakuwa wamejua. Alitamani kumgeukia mumewe amwulize, sasa tufanye nini? Na kweli aligeuka. Uso wa Fundi ulikuwa umetulia kabisa, kana kwamba jambo hilo limeshakuwa la mkewe.

"Nitamwosha mimi," alisema.

"Wewe?"

"Mimi."

"Shemeji, wanaume tumejaa hapa! Watu watasema hana ndugu? Tangu asubuhi unauliza makoti, unazuia simu, sasa hili. Huzuni ina mipaka."

Bi Mkasi akamtuma wifi amwite shehe aliyekuwa ameketi nje na wazee. Shehe akasimama mlangoni, macho chini. Alikuwa mzee wa maneno machache. Alimsikiliza shemeji hadi alipomaliza, akamwuliza Bi Mkasi swali moja tu: "Unaweza?"

"Naweza."

"Basi inaruhusiwa. Mke anamwosha mumewe, hakuna ubaya. Aliyemsitiri akiwa hai ndiye aliye karibu zaidi kumsitiri leo." Bi Mkasi akashindwa kujua kama shehe ameyasema hayo kwa watu wote, au kama amemkumbuka yule jamaa ambaye Fundi aliwahi kumwulizia. "Lakini peke yako hutaweza kumgeuza. Chagua mtu mmoja wa kukusaidia."

Shemeji akasogea mbele, kwa kuwa ni haki yake.

Mtu mmoja. Bi Mkasi aliwatazama waliokuwa ukumbini. Shemeji, damu moja na marehemu, lakini mdomo wake ni mlango usio na komeo. Vijana wa msikitini, wacha Mungu, lakini vijana. Macho yakamfikia Babu Tepe, amechuchumaa karibu na mlango, bado peku.

"Babu Tepe," alisema, "hebu niambie alivyoanguka."

"Alikuwa anatuaga," alisema mzee. "Akakaa kwenye kiti changu, jasho likamtoka. Vijana wakasema mfungue koti apate hewa. Nikashika kifungo. Akanishika mkono, akakaza. Hakuweza kusema, lakini alinitazama. Nikakiacha. Nikamwinua kichwa, tukampepea. Mama, tangu asubuhi najiuliza. Labda ningefungua..."

"Daktari alisema ni moyo."

"Alisema. Lakini najiuliza."

Na Bi Mkasi naye akajiuliza, hapo hapo, na swali hilo halikumwacha baadaye. Mshono wake mgumu, tabaka mbili. Je, ungekuwa mwepesi? Hakuna aliyemjibu, na mwenye majibu yote, Subhana, hakuulizwa kwa sauti.

"Utanisaidia wewe," alimwambia Babu Tepe.

Shemeji alitoka, akaufunga mlango kwa nguvu kidogo kuliko inavyopasa.

Wakabaki watatu, mmoja wao kalala. Bi Mkasi alitandaza shuka kubwa juu ya mumewe kuanzia shingoni hadi miguuni, na akafanya kazi chini ya shuka. Alifungua vifungo bila kuviona. Vidole vilijua njia. Akalitoa koti, mkono wa kushoto kwanza, ule uliozidi. Babu Tepe alimshikilia marehemu mabega, uso ameuelekeza dirishani. Walipofika kwenye kumgeuza, shuka lilishikana na maji likalala juu ya mwili, na kila kilichokuwa chini yake kikajichora. Bi Mkasi alimtazama Babu Tepe.

Babu Tepe, fundi ambaye maisha yake yote amepima watu, hakugeuza uso kutoka dirishani. Alisema tu, "Nimwinue zaidi, mama, au hapa panatosha?"

"Panatosha."

Hakujua kama aliona. Hakujua kama alijua zamani, tangu siku ya kwanza, kwa jicho la fundi. Hakuwahi kumwuliza, na Babu Tepe, mpaka naye anaingia kaburini, hakuwahi kusema.

Alimwosha kama inavyotakiwa, kulia kisha kushoto, mkono wake amefunga kitambaa. Maji ya mwisho yalikuwa na kafuri. Alipofika kifuani hakuharakisha na hakukawia.

Sanda aliikata yeye mwenyewe. Nguo nyeupe, haipindwi, haina kifungo wala kitambaa cha ndani. Mkasi wake ulipita moja kwa moja bila chaki. Wakamvika, wakamfunga, wakaacha uso.

Kisha mlango ukafunguliwa na watu wa nyumbani wakaingia kumuaga. Wifi alilia, akamwomba radhi kaka yake kwa jambo ambalo hakulitaja. Shemeji mkubwa alisimama miguuni, akasema, "Amelala vizuri," akamshukuru Babu Tepe. Bi Mkasi akamtazama shemeji akamwambia, "Asante, shemeji."

Wa mwisho alikuwa yeye. Aliinama karibu na uso wa mumewe, akamwambia kwamba amemsamehe kila kitu, na yeye amsamehe, hata habari ya koti chini ya taulo. Akamwombea nuru na nafasi kaburini. Akamfunika uso.

Wanaume wakamwingiza kwenye jeneza, wakalifunika kitambaa cha kijani, wakalinyanyua. Babu Tepe alishika mbele upande wa kushoto, shemeji mkubwa upande wa kulia. Walitoka, wakapita uani, wakafika njiani ambako watu wengi walikuwa wakingoja. Wote waliinuka. Bi Mkasi alisimama kizingitini akisikiliza shahada zao zikienda mbali, mpaka walipokata kona ya duka la vitambaa na hakuwasikia tena.